Yubilei Yetu na Haki ya Kila Siku



Wapendwa wanakwaya, wazazi wetu, vijana na Wakristo wote wa Mukuru kwa Njenga,

Leo tunamshukuru Mungu kwa miaka 25 ya kumwimbia. Kabla ya kukata keki, tukumbuke neno yubilei limetoka wapi. Katika Walawi sura ya 25, kila mwaka wa 50 pembe ilipigwa nchi nzima. Kisha kazi ikaanza: aliyeuza shamba kwa sababu ya shida alirudishiwa, na aliyejiuza kwa ndugu yake aliachiliwa akarudi kwa jamaa yake. Pembe ilitangaza, haki ikafuata.

Nabii Amosi, mchungaji wa Tekoa, aliwakuta watu wanaopenda kuimba. Katika sura ya 5 Mungu anazikataa nyimbo zao na vinubi vyao. Si kwamba sauti zilikuwa mbaya. Sura ya 8 inaeleza: walipunguza kipimo cha nafaka, wakapandisha bei, wakamnunua maskini kwa bei ya viatu.

Sisi tunajua habari ya vipimo. Gorogoro iliyobonyezwa chini tunaijua. Mtungi wa lita 20 unaopanda bei maji yakikatika tunaujua. Utafiti uliofanyika kabla Mukuru haijatangazwa eneo maalum la mipango mwaka 2017 ulionyesha kwamba mkazi wa hapa hulipia maji bei ya juu kuliko mkazi wa mitaa yenye mabomba. Kwa Njenga, Ruben na Viwandani ni zaidi ya kaya 100,000. Dhuluma hiyo ina wakubwa wake, na ni wajibu wetu kuisema. Lakini sehemu nyingine iko mikononi mwetu, maana anayeuza mtungi na anayeununua huenda wameketi benchi moja Jumapili.

Oktoba na Novemba 2021 nyumba zilipobomolewa kupisha barabara, maelfu walilala nje, godoro na sufuria chini ya turubai. Siku kama hizo ndizo humpima Mkristo mwenye chumba cha kupangisha. Akiona familia mlangoni na watoto wananyeshewa, atataja kodi ya jana au atataja kodi ya shida yao?

Haki ya kila siku haihitaji jukwaa. Mama anayetufulia nguo alipwe jioni hiyo hiyo, bila kuambiwa arudi kesho. Yakobo sura ya 5 inasema malipo yaliyozuiwa humlilia Mungu. Kijana wa mjengo alipwe tulivyoelewana asubuhi. Mwekahazina wa chama asome hesabu bila kuulizwa. Aliyeona jirani akionewa asimame naye mbele ya mzee wa mtaa, hata kama mwonevu ni mtu wa kabila lake.

Zakayo hakumwimbia Yesu. Alitaja nusu ya mali yake kwa maskini na kurudisha mara nne kwa aliowadhulumu, na siku hiyo hiyo wokovu ukaingia nyumbani kwake.

Basi tuombe kwaya yetu iweke mambo matatu kama zawadi ya yubilei. Kwanza, asiwepo atakayezuiwa kuimba kwa kukosa pesa za sare. Tuchangiane kimya kimya. Pili, michango yote isomwe mbele ya wanakwaya kila mwezi. Tatu, mwanakwaya mwenye deni la mfanyakazi alilipe kabla ya Jumapili ijayo, ndipo aje mazoezini.

Tukifanya hivyo, wapita njia watakaosikia sauti zetu zikivuka mabati watajua kwamba waimbaji hawa ndio wale wale wanaowauzia gorogoro iliyojaa.

Mungu aibariki kwaya yetu, aibariki Mukuru kwa Njenga. Amina.