Kanali Young na madai ya Mau Mau

Mapema mwaka 1954, Kanali Arthur Young, mkuu wa polisi wa City of London, alipelekwa Kenya kuongoza polisi wakati wa hali ya hatari. Huko alikuta askari wa mgambo wa serikali wakitesa na kuua raia bila kushitakiwa. Alitaka wahusika wachunguzwe. Gavana Evelyn Baring hakumuunga mkono. Disemba mwaka huo akajiuzulu, na ripoti yake ikafichwa. Wala hakuwa mpinzani wa ukoloni. Alitaka tu sheria ifuatwe.

Kabla ya uhuru wa 1963, nyaraka nyingi za siri zilisafirishwa hadi Uingereza. Kuwepo kwake katika ghala la Hanslope Park kulikiriwa mwaka 2011, wakati wazee wa Kenya walipoishitaki serikali mjini London. Serikali ilidai muda umepita mno. Oktoba 2012, Jaji McCombe alikataa: maandishi yaliyosalia yalitosha kuendesha kesi ya haki.

Juni 2013, Waziri William Hague alieleza masikitiko bungeni na kutangaza pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa wadai 5,228, bila kukubali dhima ya kisheria. Young alikuwa amefariki tangu 1979.