Kesi Huanzia Wodini: Fidia kwa Aliyevunjika Uti wa Mgongo Barabarani

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wasaidizi wa kisheria, maafisa ustawi wa jamii na wauguzi,

Nimeombwa nizungumzie fidia kwa watu walioumia vibaya ajalini hapa Tanzania. Nitazungumzia kundi moja tu: vijana wa bodaboda waliogongwa na gari wakavunjika uti wa mgongo. Wengi wao wana miaka ishirini na kitu, wana familia changa, na haki yao hupotea kirahisi mno. Hoja yangu ni kwamba kesi ya kijana huyu huokolewa au kuharibiwa katika wiki za mwanzo, angali kitandani, wakati hata wakili hajatafutwa. Wakati huo walio karibu naye ni ninyi.

Kinachoharibu zaidi ni kumalizana. Mama amelala sakafuni pembeni ya kitanda cha mwanawe siku kadhaa, bili inapanda, na vyuma vya kufungia mgongo vinatakiwa kulipiwa. Anakuja ndugu wa mwenye gari, mpole, na pole yake mkononi. Fedha zinahesabiwa mbele ya mjumbe, kisha inatolewa karatasi iliyokwisha kuchapwa. Mstari wa mwisho unasema mgonjwa hana madai mengine yoyote dhidi ya dereva, mwenye gari wala kampuni ya bima. Kijana anaweka dole gumba. Mahakama huheshimu makubaliano ya watu wazima, na kuyatengua baadaye ni kazi ngumu, inayohitaji kuthibitisha kwamba alidanganywa, alilazimishwa, au hali yake haikumruhusu kuelewa alichokisaini.

Simwambii mtu akatae msaada, maana mgonjwa anahitaji dawa leo. Pokeeni, lakini mwandike wenyewe: “Tumepokea mchango wa matibabu, madai ya fidia yanabaki palepale.” Anayetoa kwa nia njema hatasita kusaini sentensi hiyo.

Jambo la pili ni polisi. Fomu namba 3, yaani PF3, familia nyingi huifuatilia kwa sababu ya matibabu. Zinazosahaulika ni ramani ya ajali na ripoti ya ukaguzi wa gari. Kesi ya usalama barabarani nayo huendeshwa bila majeruhi kujua tarehe. Dereva anakiri kosa, analipa faini, anaondoka, na familia inadhani faini ile ndiyo haki yao. Faini ni ya Serikali. Faida ya majeruhi iko kwenye hukumu yenyewe, kwa kuwa Sheria yetu ya Ushahidi inaichukulia hukumu ya jinai, muda wa rufaa ukishapita, kuwa uthibitisho wa mwisho kwamba aliyetiwa hatiani alitenda kosa lile. Ombeni nakala yake iliyothibitishwa. Na kwa kuwa dereva akiachiwa huru hukumu hiyohiyo humkinga, shahidi wa majeruhi asikose kufika siku ya kesi.

Nani hulipa? Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inalazimisha vyombo vya moto vinavyotembea barabarani viwe na bima ya mtu wa tatu, na inaibebesha kampuni ya bima wajibu wa kulipa hukumu iliyotolewa dhidi ya mteja wake. Masharti yake yanataka kampuni ijulishwe kesi mapema. Msingoje hukumu ndipo mwandike barua. Namba ya usajili wa gari ikipatikana, bima yake inaweza kuhakikiwa kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Mzozo wa madai unaweza pia kufikishwa kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Wapo wanaodhani bima ya mtu wa tatu ya bodaboda inamlinda mwendeshaji anapoanguka peke yake. Haimlindi.

Majeruhi akiwa ni mwajiriwa aliyeumia kazini, mathalani dereva wa kampuni ya usambazaji, mlango wake wa kwanza ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, usiouliza nani alikosea. Mfuko hugharimia matibabu, hulipa asilimia 70 ya mapato wakati wa ulemavu wa muda, na ulemavu wa kudumu ukizidi asilimia 30 hulipa pensheni ya kila mwezi. Madai yafike ndani ya miezi 12. Kijana wa “mkataba” anayepeleka hesabu kwa mwenye pikipiki kwa kawaida hatambuliki kama mwajiriwa, hivyo wengi wa ninaowazungumzia wanabaki na njia ya madai.

Hapa ndipo penye uzito wa mada yangu. Hati nyingi za madai ya namna hii hueleza vizuri yaliyopita: ajali, upasuaji, maumivu, risiti. Kuhusu kesho zinaandika mstari mmoja, “ameathirika maisha yake yote,” kisha inafuata tarakimu ya jumla isiyo na hesabu nyuma yake. Hakimu hana cha kushika. Mahakama ya Rufani ilishasisitiza, katika uamuzi ulioripotiwa mwaka 1992, kwamba hasara mahususi lazima idaiwe kwa kutajwa na ithibitishwe. Fidia ya jumla ni ya busara ya mahakama, lakini busara nayo inahitaji kulishwa ushahidi.

Tazameni siku moja ya mtu aliyepooza kuanzia kiunoni. Ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, la sivyo matako na visigino vinachimbika vidonda. Mkojo unatoka kwa mpira, na mpira usiobadilishwa kwa usafi huleta maambukizi yanayoweza kufika kwenye figo. Anahitaji nepi, glavu, sabuni, mto maalumu wa kukalia, na kiti mwendo kinachomtosha mwili. Kiti hicho huchakaa na kununuliwa tena. Mlango wa choo upanuliwe, ngazi ya kizingitini iwe mteremko. Kliniki anakwenda kwa gari la kukodi kwa kuwa kwenye daladala hapandi.

Kisha yupo anayemgeuza. Ni mama, mke au dada aliyefunga kibanda chake cha chakula. Kwa kuwa halipwi, hatajwi mahali popote kwenye hati. Naona hilo ni dhuluma. Mapato aliyoyaacha yana kiasi, na kazi anayoifanya ingelipiwa kama angeajiriwa mtu mwingine. Aitwe shahidi, aeleze saa zake.

Chukueni mfano wa kubuni. Mahitaji ya mwezi yakiwa shilingi 300,000, kwa mwaka ni milioni 3.6. Kijana wa miaka 25 akihesabiwa miaka 30 tu ya uangalizi, ni milioni 108, kabla hatujagusa kipato wala maumivu. Upande wa pili utasema fedha zinazolipwa mara moja zipunguzwe, na hoja hiyo ina msingi. Lakini mabishano yataanzia kwenye hesabu inayoonekana. Daktari aandike mahitaji ya baadaye, asiishie kwenye asilimia ya ulemavu.

Kipato nacho kinathibitishika, hata bila hati ya mshahara. Kuna daftari la hesabu ya kila siku, mwenye pikipiki anayeipokea, taarifa ya miamala ya simu, kitabu cha VICOBA na kiongozi wa kijiwe. Vikusanywe mapema, maana madaftari hupotea na watu huhama vijiwe. Kama kijana hakuvaa helmeti, semeni ukweli. Mahakama inaweza kupunguza fidia kwa uzembe wake mwenyewe, lakini mgongo uliovunjwa na lori lililohama upande hauna uhusiano na helmeti, na wakili ajiandae kulieleza hilo.

Fidia ikitoka, familia ikae kabla fedha hazijaingia. Choo na mteremko vitangulie. Sehemu kubwa ya kinachobaki iwekwe mahali pa kulisha matunzo. Hatifungani za Serikali za miaka 20 na 25 hulipa riba kila nusu mwaka, na zinaweza kuulizwa kwenye benki za kawaida.

Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka mitatu tangu ajali. Mtu anayetumia mwaka mzima hospitalini na mwaka mwingine akihangaika na vidonda huwa amebakiwa na muda mfupi sana. Kwa hiyo ninawaomba maafisa ustawi wa jamii: kila mgonjwa wa uti wa mgongo anapolazwa kutokana na ajali, andikeni juu ya jalada lake tarehe ya ajali, namba ya gari, na tarehe ambayo miaka mitatu itatimia. Kabla hajaruhusiwa, mkabidhini kwa msaidizi wa kisheria wa wilaya yake kwa jina na namba ya simu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi hao, na leo wamo humu ukumbini. Badilishaneni namba kabla hatujaenda kwenye chai.