Kuvu Majumbani Baada ya Mvua Kubwa



Maji yakishaingia ndani, kuvu huweza kuanza kuota baina ya saa 24 na 48. Kwa hivyo msingojee fundi. Fungueni madirisha, mikeka, magodoro na majalada ya ofisi yaliyorowa yatolewe yaanikwe siku hiyo hiyo. Godoro lililokwisha kuota kuvu litupwe, hata likiwa jipya.

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe na chokaa, nazo hupumua. Ukuta uliorowa ukipigwa lipu ya saruji au rangi ya mafuta, unyevu hufungika ndani na vichwa vya boriti huoza. Wengi hudhani wametengeneza, kumbe wameficha tu. Zibeni paa kwanza, ukuta ukauke, ndipo upigwe lipu ya chokaa.

Anayesugua kuvu afunike pua na mdomo. Mwenye pumu asikae chumbani humo.