Kipigo cha nyumbani na njia ya tribinali

Maneno tuliyosema mbele ya familia za wahamishwa na viongozi wa kambi, Kalemie



Tuanze na neno linalotusumbua sisi wenyewe. Mama mmoja alivunjwa mkono na bwana wake. Wazee walikaa, bwana akatoa mbuzi na sabuni, kesi ikafungwa. Nasi tulinyamaza, tukisema wamepatana. Mwezi uliofuata mama yule aliletwa kwetu akiwa amebebwa.

Katika Kongo hakuna sheria ya pekee juu ya fujo za nyumbani. Lakini kumpiga mtu ni kosa la jinai, na ndoa hailifuti. Kipigo cha kawaida ni siku 8 mpaka miezi 6 ya gereza. Kikileta ugonjwa au kumzuia mtu kufanya kazi yake, ni miaka 2 mpaka 5. Ndiyo maana karatasi ya muganga ina uzito sana: bila hiyo, mkono uliovunjika unaweza kuhesabiwa kama kofi. Basi kwanza hospitali. Na kama ni ubakaji, afike kabla saa 72 hazijapita, apate dawa za kuzuia virusi vya ukimwi.

Halafu polisi. OPJ anaandika maneno yake katika PV. Asitie sahihi kabla hajasomewa kwa lugha anayoisikia. Kushitaki hakulipiwi, hata kama mtu anamwomba pesa ya karatasi.

Hapa ndipo wengi wanakata tamaa. OPJ hana ruhusa ya kumshika mtu kupita saa 48. Baada yake amwachilie, au amfikishe parke. Parke nayo inaweza kumpa uhuru wa muda. Kwa hiyo bwana anaonekana kambini siku ya tatu, watu wanasema amenunua kesi. Pengine kweli, hayo tumeyaona. Lakini kuachiliwa kwa muda si kushinda, kesi inaendelea. Viongozi, ni siku ya kwanza mnapaswa kujua mama na watoto watalala wapi, msingoje ya tatu.

Kesi za kifungo kisichopita miaka 5 zinakwenda tribinali ya amani. Ubakaji unakwenda tribinali kubwa, ile wanayoita TGI. Bwana akiwa mwanajeshi, ni haki ya kijeshi. Mama akitaka malipo ya hasara, aseme mbele ya jaji. Asiyeridhika na hukumu ana siku 10 tu za kukata rufaa.

Kwa ubakaji, sheria za tarehe 20 Julai 2006 ni kali zaidi: OPJ ajulishe parke ndani ya saa 24, kulipa amande hakuzimi kesi, na hukumu itoke ndani ya miezi 3. Mara nyingi miezi hiyo inapita, hatutawaficha. Mama anaweza pia kuomba asikilizwe milango ikiwa imefungwa.

Wazee, endeleeni kupatanisha mambo ya shamba na madeni. Damu ikimwagika, tuiteni.

Tunakaa karibu na bomba la maji kila Jumatano asubuhi. Tunamsindikiza mtu mpaka polisi, bila malipo. Asiyetaka kuonekana, amtume dada yake.