Injini Inapochemka, Tutazame Maji Kabla ya Kumhukumu Dreva
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Changamwe)



Tumeombwa tuseme habari ya injini ya gari kuukuu inayochemka. Huenda wengine watauliza, sisi watu wa reli tuna nini na malori? Jibu ni kwamba maji na moto ni vile vile, iwe katika garimoshi au katika lori. Tena tuna kosa letu wenyewe la kulisema hapa, ili nanyi msilifanye.

Wengi mnajua kwamba sisi watu kumi na wawili tuliweka akiba yetu pamoja, tukanunua lori moja la dizeli mwaka 2021. Lori lenyewe ni la zamani, lina umri kuliko wengi wetu. Kazi yake ilikuwa kupeleka saruji Mariakani na kurudi Changamwe na mawe ya Mazeras. Fedha zake ndizo zilizolipa karo za watoto wetu. Tulimwajiri dreva na taniboi, watu wema wote wawili.

Mwaka 2022 lori lilianza kuchemka katika kupanda mlima wa Mazeras. Dreva alitupa habari mapema. Alisema, "Mabwana, maji yanapungua kila siku, na sioni yanapovuja." Tukamwambia aongeze maji aendelee na kazi. Akaongeza. Maji yenyewe aliyachota katika kisima kilicho karibu, na sote twajua visima vya pwani yetu vina chumvi.

Baadaye fundi wa kando ya njia akatoa thamostati akaitupa. Alisema magari ya nchi ya joto hayaihitaji. Kwa siku chache tukafurahi. Kisha lori likachemka tena, na siku hiyo taniboi akafungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yakaruka yakamuunguza mkono na kifua. Alilala hospitali, na mpaka leo mkono wake una kovu.

Fundi mwingine akaja akasema silinda hedi imepasuka, akataja gharama kubwa tusiyoweza kuilipa. Basi tukakaa baraza. Ndugu zangu, twaona haya kusema, lakini ni kweli: tulikubaliana kumkata dreva mshahara wa miezi mitatu na kumfukuza. Sisi ambao kila siku twalalamika kwamba wakubwa wanamhukumu mfanya kazi bila ya kuchunguza, tulikuwa tayari kufanya vile vile siku tulipokuwa wakubwa sisi.

Aliyetuzuia ni mzee mmoja mstaafu, jirani yetu. Mzee huyu alianza kazi mwaka 1971 akiwa kijana wa kuosha maboila ya yale magarimoshi makubwa ya Garratt, yaliyoundwa Manchester, Uingereza, na kuja huku katika mwaka 1955 na 1956. Yalikuwa 34, kila moja uzito wake ni kama tani 250, nayo yalivuta mizigo kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Mzee alisema, "Wanangu, boila lisipooshwa hushika ukoko wa chumvi ndani. Ukoko ule huzuia moto usiingie katika maji, na chuma huungua. Lori lenu mmeliosha lini?" Hakuna aliyejibu.

Akatuuliza swali la pili: "Linachemka wakati gani?" Ndugu zangu, swali hili ni nusu ya dawa. Likichemka limesimama katika msongamano wa magari, lakini likienda linapoa, basi upepo haupiti vizuri. Utazame feni, mkanda wa feni, na mapezi ya rejeta kama yameziba kwa vumbi na wadudu. Likichemka katika mlima na mzigo, lakini likisimama linapoa, basi mara nyingi maji hayazunguki ya kutosha, au rejeta imeziba ndani. Likichemka dakika chache tu baada ya kuwashwa asubuhi, shuku maji kuwa machache, au thamostati imekwama, au gasketi ya silinda hedi imeungua.

Lori letu lilichemka katika mlima tu. Tukafuata mzee alivyotuongoza, tukianza na kazi zisizo na gharama.

Kwanza, injini ikiwa baridi kabisa, tulifungua kifuniko cha rejeta. Maji yalikuwa na rangi ya kutu kama chai ya rangi. Mpira wa kifuniko ulikuwa mgumu na umepasuka. Hapa tulijifunza jambo. Kifuniko kile si cha kuzuia maji yasimwagike tu. Huku pwani maji hutokota kwa digrii 100, lakini yakibanwa hutokota kwa joto zaidi. Kifuniko cha ratili 7 kikiwa kizima huyafikisha karibu na digrii 112 kabla ya kutokota. Kikiharibika, faida hiyo hupotea, na maji hutoka kama mvuke kidogo kidogo njiani. Ndiyo sababu dreva hakuona pahali panapovuja.

Pili, tulitazama mkanda wa feni na mipira ya maji. Mpira wa chini ukiwa laini mno hujibana wakati injini inakwenda mbio, na maji hayapiti. Wetu ulikuwa mzima.

Tatu, tulichunguza gasketi. Tulivuta kijiti cha kupimia oili: oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani yake. Yetu ilikuwa nyeusi, safi ya maji. Tukawasha injini ikiwa baridi, rejeta iko wazi, tukatazama kama mapovu yanapanda mfululizo. Hayakupanda. Wala ekzosi haikutoa moshi mweupe usiokwisha. Basi hatukuona dalili hata moja ya silinda hedi iliyopasuka. Yule fundi hakupima lo lote kati ya haya kabla ya kutaja gharama yake.

Nne, tuliiacha injini ipate moto, tukaizima, na feni iliposimama tukapapasa uso wa rejeta kwa uangalifu. Juu ilikuwa moto. Lakini sehemu kubwa ya chini na kando ilikuwa baridi. Mzee akacheka. "Hapo pana mawe," akasema.

Tuliipeleka rejeta kwa fundi wa rejeta. Ilikuwa ya shaba, ya namna ya zamani, basi aliyeyusha risasi, akaondoa chemba ya juu na ya chini, akapitisha fito nyembamba katika kila bomba. Chumvi na kutu vilivyotoka vilijaa kopo. Karibu nusu ya mabomba yalikuwa yameziba. Akaunga tena. Tukaosha na injini kwa maji ya mpira, tukiyaingiza kinyume cha njia yake mpaka yakatoka safi. Tukanunua kifuniko kipya cha ratili zile zile zilizoandikwa katika kitabu cha gari.

Kisha tukarudisha thamostati. Mpya tuliijaribu kwanza: tuliifunga kwa uzi, tukaitumbukiza katika sufuria ya maji juu ya jiko, tukaona inafunguka kabla maji hayajatokota. Wengi huitupa, lakini ni kosa. Bila ya hiyo injini hukaa baridi mno, hula mafuta mengi na kuchakaa upesi. Tena katika injini nyingine thamostati ndiyo inayofunga njia ya mkato. Ikitolewa, maji ya moto huirudia injini bila ya kupita katika rejeta, na joto huzidi.

Gharama yote haikufika hata robo ya ile aliyotaja fundi wa silinda hedi. Siku ya tatu lori lilipanda Mazeras na saruji yake, na mshale wa joto ukakaa katikati.

Sasa, ndugu, shikeni haya kwa ajili ya mwili wenu. Mshale ukipanda, punguza mwendo, simama pahali pa salama, zima injini likichemka. Usifunguwe kifuniko. Ngoja mpaka uweze kuushika mpira wa juu kwa mkono bila ya kuumia. Ndipo uweke kitambaa kinene, uzungushe kifuniko mpaka kituo cha kwanza, usubiri pumzi itoke, kisha umalize. Wala usimwage maji baridi katika injini ya moto, maana chuma chaweza kupasuka, na hapo silinda hedi itakuwa imepasuka kweli. Na maji ya kisima cha chumvi si ya rejeta. Tumia maji ya mvua au maji safi, pamoja na dawa ya rejeta kama kitabu cha gari kinavyoagiza.

Baada ya hayo tuliitisha baraza la pili. Tulimwita dreva tukamwomba radhi mbele ya watu wote, na hatukukata hata senti moja. Naye alitujibu maneno machache: "Niliwaambia maji yanapungua." Hatukuwa na la kusema. Taniboi tulimlipia hospitali na mshahara wa siku zote alizolala. Hiyo haikuwa hisani, ilikuwa haki yake, kwa kuwa aliumia katika kazi yetu na hakuna aliyemfundisha.

Tangu siku hiyo tuna daftari katika lori. Dreva huandika kila asubuhi maji aliyoongeza, oili, na jambo lo lote aliloliona, na mmoja wetu hulisoma na kutia sahihi kila Jumamosi. Dreva akiandika na sisi tusitengeneze, lawama ni yetu.

Twaomba wanachama mkaige desturi hii pahali penu pa kazi, kwa kila chombo mnachotumia. Andika kosa siku ulionapo, weka nakala, upate sahihi ya mkubwa wako. Siku chombo kitakapoharibika na mtu akatafutwa wa kulaumiwa, karatasi ile itamsaidia katibu wa chama kukutetea kuliko maneno mengi ya mdomo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mara nyingi ukuta ule hukatwa katika mshahara wa mnyonge.

Mwenye swali na aulize, na mwenye lori linalochemka atuletee Jumamosi tulitazame pamoja, likiwa baridi.