Kufuli Tatu: Majaribu ya Fedha kwa Mkristo Aliyeaminiwa

Mada kwa semina ya watunza hazina wa mitaa, kwaya na vikundi vya kuweka na kukopa



Waandaaji waliniomba nizungumzie kuepuka majaribu katika maisha ya kila siku. Uwanja huo ni mpana mno, nami nimeupunguza makusudi. Nyote mliomo humu mmeshika fedha za watu. Nitasema juu ya fedha hizo, na hayo mengine tutayagusa njiani.

Jaribu haliji kwa jina la wizi

Aliyetafuna hela za kikundi akisimamishwa mbele ya wenzake, mara nyingi hujitetea kwa maneno yale yale: shetani alinipitia. Yakobo, katika sura ya kwanza ya waraka wake, haupokei utetezi huo. Anairudisha dhambi nyuma hadi kwenye tamaa ya mtu mwenyewe, kisha anaisimulia kama mimba. Na mimba haianzi siku ya kujifungua.

Siku hizi sadaka na michango mingi hutumwa kwa simu. Kuna vikundi ambavyo laini inayopokea ni ya mtunza hazina mwenyewe, kwa jina lake, kwa sababu hakuna aliyeshughulika kusajili namba ya kikundi. Sasa tuchukue mfano. Jumatano mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa kukosa mchango wa shule. Salio kwenye simu ni shilingi 480,000, na zilizo zake humo ni 20,000. Hajiambii kwamba anaiba. Anajiambia anaazima, Ijumaa atarudisha. Ijumaa inafika, anarudisha kweli, na jioni anamshukuru Mungu. Kwa maoni yangu Ijumaa hiyo ni mbaya kuliko Jumatano, maana sasa amejifunza kwamba inawezekana na hakuna anayeumia. Mara ya tatu au ya nne Ijumaa inafika mikono mitupu. Anaziba pengo kwa mkopo wa kausha damu. Mkopo nao unapomkaba, kijana wa jirani anamwonyesha mkeka wa Jumamosi, timu tano tu, na zote anazifahamu.

Katika Injili ya Yohana sura ya 12, Yuda Iskariote ndiye aliyeshika mfuko, na alikuwa akichukua vilivyotiwa humo. Mariamu alipompaka Yesu marhamu ya thamani, Yuda alilalamika kwamba ingeuzwa dinari 300 wakapewa maskini. Ni hoja ambayo ingepita bila kupingwa katika kikao chochote cha baraza la wazee. Jaribu linajua kusema lugha ya kanisani. Hata jangwani lilinukuu Zaburi.

Umbali kwanza, ushujaa baadaye

Tumezoea kufundishana ushujaa: funga, omba, kemea. Sipingi hata kimoja. Lakini ukisoma Maandiko kwa makini utaona kwamba walioanguka wengi waliangukia mahali ambapo hawakulazimika kuwapo. Samweli wa Pili sura ya 11 inaanza kwa kutuambia kwamba ulikuwa msimu wa wafalme kwenda vitani, na Daudi alibaki Yerusalemu. Jioni akatoka kitandani, akatembea juu ya dari, akamwona mwanamke akioga. Alipouliza habari za yule mwanamke, aliambiwa waziwazi kwamba ana mume, Uria. Bado angeweza kurudi ndani akalala. Alikuwa na nafasi hizo zote kabla ya dhambi tunayoihubiri.

Yusufu alipanga mambo yake kinyume na hivyo. Mke wa Potifa alimsumbua siku baada ya siku, naye hakukataa tendo peke yake. Alikataa hata kukaa karibu naye. Ndiyo maana siku aliyoshikwa vazi nyumba ikiwa tupu, miguu yake ilikuwa imeshazoea kuondoka. Tusiwafiche vijana kilichofuata: alitupwa gerezani. Kukimbia jaribu hakukumwondolea hasara.

Augustino, katika kitabu cha sita cha Maungamo yake, anamsimulia rafiki yake Alypius, Mwafrika wa kaskazini mwenzake, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Thagaste. Akiwa Roma, Alypius aliyachukia maonyesho ya watu kuuana kwa upanga. Rafiki zake wakamkokota uwanjani, naye akaingia akijitapa kwamba mwili utakuwa pale lakini moyo hautakuwapo. Akafumba macho. Masikio hakuyaziba. Umati ulipopiga kelele akafumbua, na tangu hapo akawa mpenzi wa maonyesho yale, hata akaanza kuwavuta wengine. Kosa lake lilikuwa kuamini kwamba nguvu zake zingetosha akiwa ndani.

Paulo hakubeba peke yake

Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, alikuwa mtu mwenye sababu zote za kusema niaminini. Katika Wakorintho wa Pili sura ya 8 anafanya tofauti: pamoja na Tito anawatuma ndugu wengine, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa yenyewe, na anaeleza kwamba anajali uadilifu uonekane kwa Bwana na kwa wanadamu pia.

Wengi wenu mnalijua sanduku la kikundi la kufuli tatu. Mfumo huo wa kuweka na kukopa ulianzia Niger mwaka 1991, kwa kazi ya shirika la CARE na wanawake wa vijijini. Funguo hushikwa na watu watatu, anayelaza sanduku nyumbani kwake hana hata mmoja, na fedha huhesabiwa mbele ya wanachama wote. Nimewasikia Wakristo wakiona utaratibu huo ni dalili ya kutoaminiana. Mimi nauona una huruma: mama anayelaza sanduku anaweza kupatwa na Jumatano ngumu kupita zote, na usiku ule hana uamuzi wa kufanya. Laini ya simu iliyo kwa jina la mtu mmoja imeturudisha nyuma ya sanduku lile.

Ndugu wa Uamsho, ule ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, walituachia desturi ya kutembea nuruni, yaani kuungama wazi mbele ya wenzako. Tumeihifadhi nusu. Ushuhuda wetu ni wa tulikotoka, zamani, kabla ya wokovu. Ni nadra mtu kusimama akasema: wiki hii nimeiangalia hela ya kwaya mara mbili, niombeeni, na ikiwezekana muihamishe.

Usharika nao hujaribu watu

Jambo la mwisho ni la viongozi. Yesu alijaribiwa kwa mkate akiwa na njaa ya siku 40. Nasi tunamchagua mtu asiye na kipato, tunamkabidhi mamilioni ya ujenzi, hatumpi hata nauli ya kwenda benki, hatukagui vitabu mwaka mzima, kisha akianguka tunamtenga. Adhabu ya kanisa ina mahali pake, ila baraza lililomwacha hivyo lina sehemu yake katika shauri hilo.

Kwa hiyo, tutakapogawanyika katika makundi, naomba kila kundi lijibu swali moja kwa majina na tarehe: mtunza hazina wenu akifikiwa na Jumatano ile, atampigia nani simu, na huyo atakayepokea ana fungu gani mkononi la kumkopesha bila kumwaibisha? Kama fungu hilo halipo, semeni litaanza kwa kiasi gani, na namba ya kikundi itasajiliwa lini.