Bafu, Vifaa na Jasho la Fundi
(Maneno ya mwanachama mmoja katika mkutano wa tawi)



Sikusimama kusema habari za mshahara tunaopokea, bali za mshahara tunaoutoa sisi wenyewe. Maana siku ya kutengeneza bafu nyumbani, mfanyakazi wa reli hugeuka kuwa tajiri wa kazi.

Mimi nakaa Waithaka. Bafu letu lilikuwa la saruji tupu, na maji yalipenya ukutani mpaka chumba cha kulala. Nikapata mkopo katika chama cha akiba, nikamwita fundi, tukapatana kwa mdomo tu. Sikupima, sikuandika. Nilipofika dukani nikapenda vigae vya bei kubwa, nikavinunua. Jumamosi ya pili fedha zilikuwa zimekwisha. Fundi alinyamaza, lakini kibarua wake aliketi langoni mpaka giza likaingia, akingoja haki yake. Na mimi ndiye niliyenyoosha mkono hapa hapa kudai mishahara isicheleweshwe! Niliona haya sana. Usiku ule nilikopa kwa jirani nikamlipa.

Ndugu zangu, Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yasema kibarua wa kutwa alipwe mwisho wa siku. Tusiikumbuke tunapodai tu, tukaisahau tunapodaiwa.

Basi nawaambieni niliyojifunza.

Kwanza, pima. Tuseme bafu lina urefu wa mita 2 na upana wa mita 1 na nusu. Sakafu ni mita 3 za mraba. Kuta nne zikizungukwa ni mita 7. Ukipandisha vigae mita 2 kwenda juu unapata 14. Toa mlango, zabaki kama 12 na nusu. Kigae cha ukutani cha sentimita 25 kwa 40 huingia 10 katika mita moja ya mraba, basi ni 125. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa vitakavyovunjika na kukatwa: nunua kama 138. Vinunue vyote pamoja, maana vya baadaye huenda visilingane rangi.

Pili, gawa fedha mafungu matatu kabla ya kwenda dukani: vifaa, kazi, na akiba. Katika vifaa usiandike vigae na choo peke yake. Andika saruji, mchanga, mabomba, viungo vyake, gari la kuvileta, na la kuondoa kifusi. Katika kazi andika fundi wa bomba, fundi wa vigae, na kibarua, kila mmoja na siku zake. Akiba isipungue shilingi 10 katika kila 100, kwa maana ukivunja ukuta wa zamani hujui utakuta nini. Fungu la kazi lisiguswe hata kigae kipendeze namna gani.

Tatu, fuata utaratibu. Mabomba hutangulia. Yajazwe maji, yaachwe usiku kucha kabla ya kufunikwa. Kisha ziba tundu la sakafu, mwaga maji, ungoja kutwa na kucha uone kama yanapungua. Ndipo vigae vifuate. Mimi niliharakisha, nikalazimika kung'oa vigae vipya ili kuziba bomba moja. Kazi ile ile nikailipia mara mbili.

Nne, andikeni mapatano, mtie sahihi wote wawili. Mlipe fundi kwa hatua: mabomba yakipona jaribio, sehemu, vigae vikikauka, sehemu, mengine mwisho. Usimpe zote mwanzoni, wala usizishike zote mpaka mwisho, kwa maana naye ana watoto. Tena muulize mbele yako kibarua wake atalipwa kiasi gani.

Walimu wa misheni walitufundisha habari za mtu aliyeanza mnara akashindwa kuumaliza, watu wakamcheka. Mimi sikuchekwa. Nilitazamwa tu na kijana aliyeketi langoni, na hilo lilikuwa zito kuliko kicheko.

Ukiona fedha hazitoshi, punguza vigae, viishie kifuani. Usipunguze jasho la mwenzako.